Hukumu ya Afande kuhusu Gari la Festo

Afande hakukaa hata siku moja akiipa barabara mgongo. Kibandani kwangu kuna mabenchi mawili, moja linaangalia jiko na jingine linaangalia barabara, na kama la barabara limejaa, alisimama na kikombe chake mpaka mtu aone aibu ampishe. Nilimwambia mara nyingi, Afande, chai hainywewi wima, utavimba miguu. Alinijibu kwamba miguu ilishavimba zamani alipokuwa kazini, na mbona bado anatembea. Alikuwa trafiki mstaafu. Jina lake tulilisikia siku moja kwa bahati, mtu wa mbali alipokuja kumuulizia, na hakuna aliyelishika. Acha abaki Afande.

Kwao sikuuliza, wala wazazi wake. Mtu unayemuuzia chai kila asubuhi unamjua kwa mlango mwingine. Najua chapati aliikata vipande vinne, akala vitatu, cha nne akakifunga kwenye karatasi na kuondoka nacho, na mtaa wetu mzima wa Lipangalala hakuna aliyejua anampelekea nani. Najua suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi hata msimu wa mvua, wakati sisi wengine tumejaa matope mpaka magotini. Najua alichukia ile methali ya haraka haraka haina baraka. Alisema aliyeitunga ni mtu aliyeachwa na basi.

Na mtu huyo huyo alikuwa na baiskeli nyeusi aliyoiendesha taratibu mpaka wanawake wenye ndoo kichwani wakampita na kumwamkia, shikamoo Afande, naye akaitikia marahaba wakiwa wameshatangulia. Kwenye kila kona alinyoosha mkono kuonyesha anakata upande gani, hata kama nyuma yake kuna kuku tu. Vijana walimcheka. Aliwaambia kwamba usipozoea kuunyoosha mbele ya kuku, hutaunyoosha mbele ya lori. Kupanda gari la mtu hakutaka kabisa. Ukimpa lifti mvua inanyesha, anakushukuru na kuendelea kulowa.

Nayasema haya kwanza ili umwone mtu mwenyewe kabla sijafika kwa alichotufanyia. Nikianza na lile utamchukia moja kwa moja, na mimi mwenyewe sijamaliza kuamua.

Kibanda changu kiko kati ya gereji na mashine ya kukoboa mpunga. Pumba zinaingia mpaka kwenye sukari, lakini wateja sikosi. Hapo ndipo yalipokuwa mabishano. Watu wengine wanabishana mpira, wengine siasa. Wangu walibishana kama gari la spoti, lile la kawaida tu ambalo mtu ananunua na kupeleka kanisani, linahesabika kuwa gari la mashindano. Nilidhani wanatania. Walikuwa hawatanii hata kidogo, walikuwa tayari kuacha kusalimiana kwa ajili ya hilo.

Fundi wa gereji alishikilia kwamba kila kitu ni injini. Likitoka kiwandani na turbo, kazi imekwisha, ni la mashindano, asiyetaka akalale. Kijana wa duka la vipuri, ambaye naye alikuwa na gari jeupe la namna hiyo, alisema kinachotazamwa ni ukoo. Alitoa simu akaonyesha gari lenye umbo lile lile likiruka vilima huko Ulaya, akasema haya, hili na langu ni ndugu. Afande alimjibu bila kugeuza shingo kwamba ndugu wa mwanajeshi si mwanajeshi.

Wa tatu alikuwa Festo, mdogo wangu. Mama alipofariki Festo alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Nimemlea mimi, nimemchapa mimi, nikamsomesha kwa chai hii hii. Alipokua akawa dalali wa mpunga, hodari wa kuongea, na msimu mmoja ulipomwendea vizuri akashuka Dar es Salaam. Ukoo mzima ulijua akirudi atanunua kiwanja, ajenge. Akarudi na gari la buluu iliyokoza, limeinama chini, lina bawa nyuma, na bomba la moshi ambalo hospitali walilisikia kabla halijavuka soko. Nilimuuliza kuhusu kiwanja. Akaniambia, dada, kiwanja hakina sauti. Nilicheka, kwa sababu Festo akisema kitu lazima ucheke, kisha nikaingia ndani nikalia.

Kwake yeye lile halikuwa bishano la kupotezea asubuhi. Watu walikuwa wanamwambia amenunua beseni la kuogea lenye matairi, na kwa barabara zetu za wakati ule, mashimo na udongo mwekundu, lilikuwa linakwaruza tumbo kila siku. Kama gari lile lilikuwa gari la mashindano, basi Festo hakuwa mjinga. Kama halikuwa, basi alikuwa mjinga, na mji mzima ulijua. Nilimwona alivyokuwa anamtazama Afande kila mabishano yakianza, akisubiri.

Maana Afande ndiye alikuwa mwamuzi. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa na hadithi moja iliyompa cheo hicho, ya ujana wake kazini, mashindano ya magari yalipopita mahali alipokuwa amepangwa, naye akapewa kamba. Kazi yake ilikuwa kushika kamba kwenye njia panda ili mtu, mbuzi wala baiskeli asiingie barabarani. Alisimama juani toka asubuhi. Kisha magari yakapita, moja moja, na vumbi lake, na kila moja lilimtikisa kifua. Alipofika hapo katika hadithi alikuwa anaweka kikombe chini na kuushika ubavu wake, hapa, anasema, ilinitikisa hapa. Akinyamaza hapo, tulinyamaza wote, hata mimi niliyekuwa na maandazi kwenye mafuta.

Hukumu yake ilitoka kwenye kamba hiyo. Siku moja mabishano yalikuwa yamepamba moto, fundi na kijana wa vipuri wameshafikia kutajiana wazazi, Afande akasema, "Gari la mashindano ni lile ambalo barabara imefungwa kwa ajili yake. Basi. Hata trekta, ukilifungia barabara, ni la mashindano. Na hilo lako, Festo, kama njiani linaweza kukutana na mama mwenye ndoo, ni gari la kwendea sokoni."

Watu waliguna, fundi akapiga paja. Mimi nilifurahi kweli. Niliona mzee amelifunga bishano, sasa watu watakunywa chai kwa amani. Kwa hesabu yake, ukiitazama vizuri, kilicholifanya gari kuwa la mashindano ni yeye aliyeshika kamba, na hilo lilinichekesha pia. Festo peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama barabara.

Akauliza, "Kwa hiyo ikifungwa?"

Afande akasema, "Ikifungwa ni habari nyingine."

Sasa, jambo moja kuhusu Afande: alichokisema hakukirudisha. Aliwahi kuliona basi la Mahenge likipita asubuhi ya mvua akasema litakwama mtoni. Jioni likarudi salama, dereva akanywa chai hapa hapa mbele yake. Afande akasema lilikwama, ila lilijikwamua. Dereva alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa hivyo katika kila kitu, na sisi tulilichukulia kama kichekesho, kwa sababu kukwama kwa basi hakumdhuru mtu.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo halikunichekesha. Asubuhi moja niliwahi kufika kibandani nikamkuta peke yake karibu na gari la Festo. Festo alikuwa ameliacha linanguruma akaenda kuongea na fundi. Afande alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, amefumba macho. Mtu ambaye hakubali lifti kwenye mvua. Alisimama vile muda mrefu, midomo imelegea, na nilipomwita alishtuka akajifuta mkono kwenye suruali, ile suruali ya pasi. Ajali alizoziona kazini hakuzisimulia hata tukimbembeleza, ila gari la wagonjwa likipita linalia, aliacha kutafuna mpaka sauti ipotee. Nilikuwa najiuliza mtu mmoja anawezaje kuviweka hivyo viwili kifuani.

Kisha lami ikaja. Miaka yote kwenda Kidatu ilikuwa adhabu, mvua ikinyesha malori yanalala njiani, wagonjwa wanafia humo. Lami ilipofika tulifurahi wote, na mimi nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, sitaki mtu aje kuniambia naichukia. Lakini mabishano ya kibandani yalibadilika sura. Zamani gari la Festo lilikuwa halina pa kukimbilia, kwa hiyo maneno yalibaki maneno. Sasa kulikuwa na kipande nje ya mji, kimenyooka katikati ya mashamba ya mpunga, cheusi, kitupu, na vijana walikuwa wanakizungumzia kwa sauti ya chini. Jioni Afande alikuwa anakwenda huko na baiskeli yake, anasimama pembeni, anakiangalia, anarudi.

Niliposikia Festo na kijana wa vipuri wamepanga kushindana Jumapili, wakati wa misa ya kwanza, barabara ikiwa tupu, nilimsihi Festo mpaka nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Aliniambia, dada, tutaifunga, Afande mwenyewe alisema. Nikavua aproni nikaenda nyumbani kwa Afande. Nilimkuta anapiga pasi. Nilimwomba akawaambie amekosea, kwamba gari la spoti haligeuki kuwa jingine hata barabara ikifungwa na malaika.

Alisema, "Sijakosea. Nimesema ifungwe. Wale hawawezi kuifunga barabara, anayefunga barabara ni serikali."

Nikamwambia basi nenda ukawaambie hivyo, mwisho wa maneno. Akasema wanajua. Aliendelea kupitisha pasi juu ya mstari ule ule, na nilipokuwa natoka mlangoni akaniuliza wataanzia upande gani. Niliondoka bila kumjibu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na woga ambao sikuweza kuupa jina.

Waliifunga barabara kwa matawi. Hapa kwetu lori likiharibika, tandiboi anakata matawi na kuyapanga barabarani, nyuma na mbele ya lori. Kila mtu anayaelewa, hata mtoto: kuna gari limekufa mbele, punguza mwendo, pita pembeni. Hakuna mtu aliyewahi kuona matawi akageuza na kurudi nyumbani. Lakini vijana wetu walikata matawi mengi, wakayarundika ncha zote mbili za kile kipande, wakaona wamefunga barabara. Na kwa kuwa kila mmoja alitaka kuona magari yakianza, ncha ya mbali hawakumwacha mtu hata mmoja.

Afande alikuwepo. Fundi anasema alifika na baiskeli magari yakiwa yameshapangwa, akaingia katikati ya barabara na kunyoosha mkono juu, kama trafiki. Kisha mkono ukashuka, na magari yakaondoka. Mimi nilimuuliza baadaye, uso kwa uso. Alisema alikuwa anawazuia, mkono ulichoka. Nilimwamini nusu, na nusu hiyo ilinitosha wakati ule.

Upande wa pili alikuwa anakuja baba mmoja Msukuma, mfugaji na mkulima, na baiskeli yenye gunia la mpunga, anawahi mashine. Baadaye alikuja hospitali mwenyewe kutupa pole, akakaa kwenye ngazi, kofia mapajani. "Niliona majani," alisema. "Nikajua kuna gari limeharibika mbele, nikapita pembeni." Alikuwa analitafuta kwa macho hilo gari lililoharibika ili awasaidie watu kusukuma. Festo alikuwa mbele, jeupe la vipuri likiwa nyuma yake. Alipomwona yule baba alikata usukani. Gari liliacha lami, likabiringika, likaingia kwenye majaruba. Yule baba hakuguswa, hata gunia halikudondoka. Watu wakasema maji na tope la mpunga ndivyo vilivyomwachia Festo pumzi.

Pumzi yenyewe ilikuwa ndogo. Nyonga imevunjika, mguu umevunjika, mbavu, damu inavujia ndani. Walimpasua, wakamrudisha, daktari akaniita pembeni na kuniambia tujiandae. Padri akaja, akampaka mafuta. Nilishika vidole vya miguu yake kwa sababu ndivyo pekee vilivyokuwa wazi, na nilikuwa namwambia marehemu mama, nichukue mimi, huyu bado hajajenga.

Festo alipofumbua macho hakuniita mimi. Aliomba Afande aitwe. Nikamtuma fundi, na Afande akaja, amechomekea, kofia mkononi, akasimama miguuni pa kitanda kama aliyeitwa kutoa ushahidi. Fundi na kijana wa vipuri walikuwa mlangoni.

Festo akasema, kwa shida, "Afande, barabara ilifungwa. Inahesabika?"

Afande aliniangalia mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Kisha akainama karibu na sikio la mdogo wangu na kusema, "Inahesabika, mwanangu. Lilikuwa gari la mashindano."

Festo alifumba macho anatabasamu. Mimi nilimwangukia Afande begani nikalia mpaka nikamlowesha shati, nikamshukuru, nikamwita baba. Sitalikana hilo. Siku ile hakuna mtu duniani niliyempenda kuliko yeye.

Festo hakufa.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangu alisikia la mkuu, neno kwa neno, na guu likavunjika. Alikaa wodini mpaka manesi wakamzoea kama ndugu, akatoka na magongo, baadaye na fimbo, mguu mmoja haukunjiki tena vizuri. Mambo ya polisi na mahakama yalipita, tukalipa, tukaonywa. Gari lilirudishwa limekunjamana. Nilidhani atauza chuma chakavu. Fundi alilinyoosha kidogo kidogo, jioni baada ya kazi, bila Festo kumwomba. Nilikuwa naisikia nyundo yake nikiosha vikombe.

Na kibandani mabishano yalikuwa yamekwisha. Sasa walisema "gari la mashindano" kwa heshima, kama mtu anavyomtaja marehemu wa maana, na asiyekubali aliambiwa Afande mwenyewe kahukumu, tena kitandani. Vijana walikuja na pikipiki kutoka Kidatu kuja kuliona tu, wanaligusa lile bonde kwenye paa. Festo alikaa katikati yao, fimbo kati ya magoti, na sikuwahi kumwona mwenye furaha hivyo. Kisha nikaanza kusikia tena zile sauti za chini. Safari hii tutafunga vizuri. Safari hii kwa kamba, na watu ncha zote.

Afande alikuwa anayasikia pia. Alikunywa chai yake na kuangalia barabara.

Nilikwenda kwake kwa mara ya pili. Nilikuwa nimejipanga kumtukana, lakini nilipomkuta ameketi mlangoni, amekonda, suruali bila pasi, maneno yalinikauka. Nikamwambia tu kwamba wanajiandaa tena.

Alisema, "Nilimwambia vile nikijua anaondoka."

"Hakuondoka, Afande."

"Naona."

"Basi rudisha neno lako."

Alitikisa kichwa. Alisema neno alilompa mtu kwenye mpako wa wagonjwa halichukuliki, ni kama kumvua sanda. Nikamwambia kwamba sina ndugu mwingine. Nikamwambia nimemzika mama, nimemzika baba, na huyu nikimzika nitamleta kwanza hapa mlangoni kwako umtazame, ndipo nimpeleke makaburini. Nililisema kwa utulivu na nilikuwa namaanisha. Mwishowe akasema atakuja kesho, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekubali kukatwa kiungo.

Alikuja. Hakukaa, hakutaka chai. Alisubiri mpaka mashine ya kukoboa ikazimwa, akasema mbele ya wote kwamba amekosea. Fundi aliacha kutafuna. Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kwake.

"Gari lile si la mashindano na halijapata kuwa," alisema. "Lina viti vya nyuma. Lina zulia, lina redio. Gari la mashindano halina viti vya nyuma, kwa sababu halimrudishi mtu mwingine nyumbani. Ndani ni mabomba matupu na mtu amefungwa mikanda. Lile ni gari la kumpelekea mtoto shule. Nilisema vile wodini kwa huruma. Nisameheni."

Nilitamani kumkumbatia lakini nilibaki na mwiko wangu. Festo alimaliza kikombe chake polepole, akakiweka, akasema, "Sawa, Afande. Asante kwa kuwa mkweli." Akachukua fimbo akaondoka. Vijana wakatawanyika mmoja mmoja, wamenuna. Nilipofika nyumbani nilipiga magoti nikasali rozari nzima bila kusinzia, na usingizi ulipokuja ulikuwa mtamu. Juma lile Festo hakuonekana kibandani, na mimi niliona ni aibu tu, itapita, atanunua kiwanja.

Mara ya mwisho niliyomhudumia Afande ilikuwa Jumatatu iliyofuata. Nilikuta Festo amenitangulia, yuko kibandani kwangu ameinama, anapigilia misumari. Amenitengenezea kiti kirefu, cha kitambaa cha kijivu, laini, amekiweka juu ya mbao. "Dada," akaniambia, "wateja wako wameumia makalio miaka mingi. Nimekuletea sofa." Nikacheka, maana Festo akisema kitu lazima ucheke. Nilikibonyeza kwa mkono. Kwenye pindo kulikuwa na tope lililokauka, tope la majaruba, na hapo ndipo nikageuka kuliangalia gari lake pale mbele ya gereji.

Nyuma hakukuwa na kiti. Hakukuwa na zulia, wala dari. Redio ilikuwa shimo lenye nyaya. Kulikuwa na mabomba meusi yamechomelewa yakipita juu na pembeni, na fundi alikuwa anayapaka rangi, anakwepa macho yangu.

Afande akafika na baiskeli yake. Akaiegesha, akakiona kiti, na nikaona kwamba ameelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Nilimwangalia nikisubiri. Nilitaka afoke, ampige hata kofi, nilikuwa nimempa ruhusa kwa macho. Alitembea mpaka kwenye gari, akavua kofia, akaingiza kichwa ndani. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, kijana.

"Festo, mabomba haya mmeyachomelea kwenye sakafu au kwenye nguzo za bodi?"

"Kwenye nguzo, Afande."

"Na mikanda?"

"Iko njiani inakuja kutoka Dar."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, anapapasa bomba lenye rangi mbichi, na vidole vikawa vyeusi. Mdogo wangu alikuwa anamtazama kama alivyomtazama siku ile wodini. Afande akatoa kichwa, akageuka, akaniona nimesimama na kikombe chake. Akajaribu kuushusha uso, lakini midomo ilikataa, ilibaki imetabasamu.

"Nisamehe, mwanangu," akaniambia.

Kisha akamgeukia Festo akamuuliza ni lini.